Kuzamia Ziwani Likizo Hii: Tuulize Nini Kabla ya Kushuka?



Mwezi huu tumeletewa swali ambalo hatukulizoea. Familia kadhaa hapa kambini zina ndugu waliohamishiwa Marekani na Kanada. Ndugu hao wameandika kwamba wakati wa likizo kubwa, mwezi wa saba na wa nane, wanataka kuja Kigoma kuwaona wazee. Watoto wao waliokulia kule wamejifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa, basi wanauliza: je, Ziwa Tanganyika linazamiwa? Na nani wa kuaminiwa atushushe?

Wengine walicheka. Mama mmoja hakucheka. Alituambia, "Mwalimu, ziwa lile lilimeza mdogo wangu. Leo watoto wetu waende kulichezea?" Hatuwezi kumjibu mama huyo kwa mzaha. Ndiyo sababu tumekaa, tukaulizana, tukaandika haya.

ZIWA TULILOVUKA BILA KULIONA

Wengi wetu tulivuka usiku. Tulisikia maji, hatukuyaona. Watoto waliozaliwa hapa kambini hawajui hata rangi yake.

Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani linashindwa kwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Nchi nne zinalichangia: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lakini uhai wake karibu wote uko juu juu. Upande wa kaskazini, ukipita mita 100 hivi, maji hayana tena oksijeni na samaki hawaishi. Kusini tabaka hilo la uhai linakwenda chini zaidi, linapita mita 200.

Mzamiaji hafiki huko kabisa. Mwenye cheti cha kwanza anaruhusiwa mita 18 tu, na hizo zinamtosha, maana mambo mazuri yako kwenye mawe ya karibu na ufuko. Kuna jamii karibu 250 za wale samaki wadogo wa mawe wenye rangi, na karibu zote hazipatikani ziwa lingine lolote. Wako wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kila mmoja na nyumba yake. Wako akina mama wanaobeba mayai na watoto mdomoni wiki kadhaa hadi wakue. Na kuhe, tunayemjua kwenye sahani, huko chini ni mzazi mkali: baba na mama wanalinda watoto wao pamoja.

Hata meli ya Liemba iliwahi kulala chini ya ziwa hili. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na maadui, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwaka 1997 ilirudisha Wakongo nyumbani, na mwaka 2015 ikabeba Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Bila shaka kuna wasomaji wetu walioipanda.

HEWA NI RAFIKI NA NI ADUI

Watu husema "mtungi wa oksijeni". Kumbe ndani ni hewa hii hii tunayoivuta, imeshindiliwa tu. Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa karibu mara mbili ya ule wa juu. Hapo naitrojeni iliyo ndani ya hewa inaingia mwilini kwa wingi. Ukipanda polepole, inatoka taratibu kupitia mapafu. Ukipanda mbio, inatoka kama povu la Fanta iliyotikiswa. Mapovu hayo yakikaa kwenye viungo au uti wa mgongo, mtu anapata maumivu, ganzi, hata kupooza.

Kwa hiyo amri ni chache: usizuie pumzi hata mara moja, panda polepole, na kabla ya kutoka simama mita 5 chini kwa dakika 3.

Halafu kuna jambo ambalo wageni kutoka baharini hulisahau. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mita 300, hesabu za kuzamia za baharini lazima zirekebishwe. Na barabara ya kurudi Kasulu inapanda. Aliyetoka chini ya maji akapanda gari jioni ile ile kuja huku milimani, ni kama aliyepanda ndege. Kwa ndege wataalamu wanashauri kungoja walau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kama umezamia mara nyingi. Basi tunasema wazi: mzamiaji alale Kigoma.

MASWALI YA KUMUULIZA MWENYE HUDUMA

Pwani, kama Zanzibar, Pemba na Mafia, wenye huduma hii ni wengi. Ziwani ni wachache, kwa hiyo ulizeni kwa barua au simu mapema kabla ya kulipa hata shilingi. Hizi ndizo tulizokubaliana:

1. Kiongozi ana cheti gani, na namba yake ni ipi? Cheti cha kweli kinaweza kuhakikishwa kwa waliokitoa. Asiye na cheti anaweza kujaribu, lakini na mwalimu kamili, na asipite mita 12.

2. Mashine ya kujaza hewa iko wapi? Ikiwa inavuta hewa karibu na moshi wa jenereta, mzamiaji atavuta sumu. Hewa nzuri haina harufu wala ladha. Mtungi nao una mhuri wa mwaka uliopimwa, mwombeni awaonyeshe.

3. Amewahi kuzamia maziwa ya juu, au bahari tu? Muulizeni habari ya zile mita 770. Akishangaa, mshukuruni mwondoke.

4. Kwenye boti kuna oksijeni ya dharura na simu inayofanya kazi? Matibabu ya mapovu hufanywa ndani ya chemba maalumu ya mgandamizo, na zile za Afrika Mashariki tunazozijua ziko pwani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kigoma. Atamfikishaje mgonjwa? Anataka bima?

5. Je, makoti ya kuokolea yanatosha kila mtu botini, pamoja na bibi na mtoto watakaobaki juu?

6. Upepo ukiwa mbaya, nani anasema "leo hapana"? Kati ya mwezi wa tano na wa tisa upepo wa kusini unaamsha mawimbi. Pesa zenu zinarudi?

Na la mwisho, angalieni kama na yeye anawauliza. Mwenye huduma mzuri anataka kujua habari za pumu, moyo, masikio na mafua. Mjamzito hamshushi. Anawaambia pia wapi pana mamba au kichocho, hasa penye matete, na kwamba nyoka wa majini yupo kwenye mawe ila hana haja na mtu asiyemgusa. Anayeuliza bei na tarehe tu anatafuta pesa zenu.

TUNAMJIBU MAMA

Mama yetu, usiku ule wa kuvuka hakuna aliyeuliza boti imebeba wangapi. Hakuna aliyeomba koti la kuokolea. Nyuma kulikuwa na risasi na mbele kulikuwa na maji, na mtu wa namna hiyo hachagui mwenye boti. Ziwa halikuwa adui wa mdogo wako. Alinyimwa nafasi ya kuuliza.

Mjukuu wako anayo nafasi hiyo. Akiuliza yote, na akikubali kurudi bila kuzamia pale majibu yasipotosha, hachezei kifo cha mtu. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Na maswali haya si ya wazamiaji peke yao. Siku utakapopanda boti kwenda Baraka au Uvira kwa hiari yako, uliza: watu wangapi, makoti mangapi, upepo ukoje. Nauli unayolipa inakupa haki hiyo.

KUHUSU SAFARI

Wenyeji wa kambini wanaotaka kwenda kuwapokea ndugu Kigoma waombe kibali mapema, wasingoje wiki ya mwisho. Pangeni siku mbili au zaidi. Siku ya kwanza mzamiaji azamie asubuhi. Siku ya pili apumzike, mwende pamoja Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Watoto wasiozamia wapewe miwani ya maji na makoti, wainamishe uso ufukoni penye mawe, mtu mzima akiwa amesimama karibu. Nao watawaona samaki.

Familia zenye barua za ndugu zileteni shuleni baada ya vipindi. Tutasaidia kuandika maswali haya kwa Kiingereza au Kifaransa.

Tunawatakia likizo njema na safari za salama.