Nyumba za Wageni za Bandarini

Barabara ya Sokoine, Dar es Salaam, ina bandari upande mmoja na mji upande wa pili. Ukiitembea asubuhi na mapema utapishana na makuli, makarani wa forodha, abiria wa boti za Zanzibar wakikokota mabegi, na wauza kahawa wakigonganisha vikombe. Hapo ndipo liliposimama jengo la MNF Square. Ndani yake mna hoteli ya Johari Rotana, nyumba za kupanga zenye huduma za kihoteli, ofisi na maduka. Hoteli inaendeshwa na Rotana, kampuni ya Abu Dhabi, na ilianza kupokea wageni mwishoni mwa miaka ya 2010.

Mimi ni mtu wa Kituntu, Karagwe. Kwetu nyumba inajificha ndani ya migomba, na mgeni akishakaa huletewa kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa hadi zikakauka. Heshima hiyo ni ya tangu enzi za Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, ambaye mwaka 1861 aliwakaribisha wasafiri Waingereza Speke na Grant katika makao yake ya Bweranyange, na kabla yao alikwisha kuwazoea wafanyabiashara kutoka pwani. Basi mimi ghorofa silipimi kwa urefu wake. Nataka kujua linampokeaje mgeni, na mpita njia linamwachia nini.

Mgeni anapokewa vizuri sana. Unatoka kwenye joto la bandarini, unapita ukaguzi, na jasho linakauka kabla hujafika mapokezi. Lifti inapanda kimya, masikio yanaziba kidogo, na mlango unapofunguka mji wote uko miguuni. Nilisimama dirishani nikaona jinsi mlango wa bandari ulivyo mwembamba. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia taratibu, tagi mbele na nyuma, na pantoni mbili za Magogoni zikaisubiri ipite ndipo zivuke kwenda Kigamboni. Upande wa nchi kavu minara ya makanisa ya Mtakatifu Yosefu na Azania, ambayo Wajerumani waliijenga ionekane tangu baharini, sasa unaitazama kwa kuinamisha kichwa. Sauti ya barabarani haifiki huku.

Starehe hiyo ina kazi nyuma yake. Maji ya bomba hayapandi yenyewe hadi ghorofa za juu. Lazima yasukumwe kwa pampu. Umeme ukikatika jenereta inatakiwa kushika mara moja, maana kuna watu ndani ya lifti. Hewa ya chumvi inakula chuma na kuchafua vioo mwaka mzima. Na kabla ya yote hayo kuna nguzo za msingi zilizozama kwenye mchanga, ambazo hakuna mgeni atakayeziona.

Mji huu unajua gharama ya kupuuza yasiyoonekana. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, mwendo mfupi kutoka hapa, liliporomoka na kuua watu 36. Kila ninapoingia kwenye jengo refu Dar es Salaam huwakumbuka. Mhandisi anayekataa kutia saini kazi mbovu ndiye mwenyeji wa kwanza wa hoteli yoyote.

Nikashuka, nikatembea hadi pembe ya Barabara ya Morogoro, lilipo Boma la Kale. Sultani Majid wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867, mji ukiwa ndiyo kwanza unainuka kando ya kijiji cha Mzizima, na kazi yake ilikuwa kulaza wageni wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, zimepakwa chokaa, na mlango ni wa mbao zilizochongwa. Nilipoweka kiganja ukutani, saa saba mchana, ukuta ulikuwa wa baridi. Hakuna kiyoyozi kilichofanya hivyo.

Ukiendelea mbele, Kivukoni, unaikuta Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965, miaka michache tu baada ya Uhuru. Ilikuwa hoteli ya taifa changa lililotaka kuwa na mahali pa kuwapokea wakubwa wa dunia. Mwaka 2005 ilifunguliwa upya chini ya Kempinski, na leo ni Hyatt Regency. Nyumba tatu za wageni, za karne tatu, zote zinatazama maji yale yale.

Wengine huuona mchanganyiko wa duka, ofisi na makazi kuwa jambo geni. Si geni. Kariakoo watu wanalala juu ya maduka yao, na Unguja, Mji Mkongwe, ni hivyo hivyo tangu zamani. Ila nyumba ya pwani ilikuwa na baraza. Mwenye nyumba alijenga ukumbi wake ndani, na nje akamwachia mpita njia mahali pa kukaa, kivulini, bila kuulizwa anataka nini. Hilo ndilo ninalolitafuta kwenye majengo mapya ya Posta na Kivukoni, na silioni. Kioo kinashuka hadi chini, halafu magari, halafu jua.

Kwenye uchochoro ulio nyuma ya majengo hayo, mama lishe mmoja anawapikia wafanyakazi wa maghorofa ya jirani. Binti aliyevaa sare ya usafi alinisikia nikizungumza Kinyambo kwenye simu, akaniamkia, "Shikamoo mjomba." Ni wa Nyaishozi. Aliniuliza kama kahawa imeshaanza kuvunwa, na kahawa ya maganda inanunuliwa shilingi ngapi, kwa sababu ada ya mdogo wake inatoka huko. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, sahani ya wali na maharage mapajani, na nusu saa ya mapumziko ilikuwa inakwisha. Nilimuuliza angependa waongeze nini hapa mtaani.

"Benchi tu, mjomba. Na mti."

Benchi na mti vinaingia kwenye kibali cha ujenzi kwa mstari mmoja. Jiji ndilo linalotoa vibali, na maghorofa mengine bado yanakuja.