Pijo ya Babangu na Mazda ya Kufungua Paa

Mnaniuliza video ya ile Mazda iko wapi. Ngojeni niwaambie ukweli kwanza, halafu mniseme.

Tangu babangu afariki, steshen wagon yake, Peugeot 504, imekaa tu nyumbani Nakuru. Mzee aliipenda hiyo gari kupita kiasi. Ukimzoea kidogo tu, angekukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Juzi akatokea mnunuzi, mamangu akatuita watoto tutoe maoni. Mimi ndiye nilijibu haraka: uza. Sikusema kwamba nishapigia fungu langu hesabu, liwe malipo ya kwanza ya Mazda MX-5.

Wikendi iliyofuata, beshte yangu akaniachia yake, ya 2017. Wasee, siwadanganyi, hiyo gari ni tamu. Ina uzito wa kama tani moja tu, kwa hivyo hata injini ya 1500cc inaitosha. Ukigusa usukani kidogo, gari inaitika. Paa unalikunja kwa mkono, sekunde chache tu, unabaki wewe na anga. Pijo nayo ukikata kona, unakata, unasubiri, ndio inakumbuka.

Lakini paa wazi kwenye barabara zetu ni stori nyingine. Kwenye jam, makanga aliinama dirishani akaniuliza, "Boss, kifuniko uliuza?" Kushuka Mai Mahiu nyuma ya lori, nilimeza moshi hadi nikafunga paa mwenyewe bila kuambiwa.

Nilipofika nyumbani, mamangu akazunguka gari mara mbili, akicheka. Halafu akauliza, "Sasa sisi wengine tunakaa wapi?" Nikamwambia aingie, nimpeleke hadi dukani. Kiti kiko chini sana na magoti yake yanamsumbua. Kuingia alijitupa. Kutoka, ilibidi nimvute kwa mikono miwili, huku majirani wakiangalia. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Jumapili shosho alikuwa anarudishwa kwake, na watoto watatu wa dadangu walitaka kumsindikiza. Mazda ina viti viwili na buti ya lita 130. Gunia la viazi lingekuwa abiria. Tukarudi kwa Pijo. Betri ilikuwa imekufa, tukaisukuma mpaka kwa mteremko, ikakohoa, ikawaka. Safu tatu za viti zikajaa. Mamangu alifungua mlango, akakaa, basi. Hakuvutwa na mtu.

Sitaki kuipamba hiyo gari. Inakunywa mafuta kama harusi inavyokunywa soda. Mazda ina mifuko ya hewa, Pijo ina maombi. Breki ilikuwa laini hadi nikaendesha polepole njia nzima, na moyo wangu ukawa mkononi. Ukiniuliza gari gani ni bora kuendesha, ni Mazda, na hakuna mjadala.

Ila Mazda ilinifanya nionekane na kila mtu barabarani, na haikuweza kubeba hata nusu ya watu wangu.

Jioni nikamwambia mamangu kwa nini nilisema tuuze. Hakushtuka. "Nilijua," akasema. "Siku hiyo uliangalia simu ukipiga hesabu, hukuangalia gari."

Hiyo ilinichoma kuliko matusi yote mmewahi kuniandikia.

Nimeomba tusiuze kwa sasa. Video nilifuta, kwa sababu ndani yake nilikuwa nimeicheka Pijo. Pesa niliyokuwa naweka ya Mazda inaanza na breki, kisha betri, kisha mikanda ya viti vya nyuma. MX-5 bado naitaka, tena sana. Nitainunua siku moja, lakini si kwa kuuza kiti cha mamangu.

Wewe je, kwenu kuna gari ya mzee imelala uani? Ungeuza?