Daktari Akikumbushwa na Kompyuta, Wewe Unaogopa Nini?

Kila wiki mitandaoni kuna vita kuhusu madaktari na akili bandia. Kuna wanaosema mashine zinakuja kuwafuta madaktari kazi. Kuna wengine wanasema daktari akiangalia kompyuta mbele yako basi hajui kazi, karatasi yake ni ya River Road. Wasee, wote mmepotea njia.

Tuambiane ukweli. Ukienda kliniki ya mtaani Jumatatu asubuhi, foleni inatoka hadi kwa mama wa mandazi. Anayekutibu mara nyingi ni afisa wa kliniki mmoja, amekaa hapo tangu saa mbili na hata chai hajaonja. Wewe ni mgonjwa wake wa arobaini. Na bado anafaa kukumbuka kipimo cha dawa kulingana na kilo za mtoto, dawa zipi hazichanganywi, na nani ana mimba. Huyo ni binadamu bana.

Mathe wangu mwili wake haupatani na dawa za salfa. Akimeza, midomo inavimba na ngozi inatoka malengelenge. Mwaka jana alienda zahanati moja na kale kakitabu ka hospitali tunakojua sote, akaandikiwa Septrin, ambayo ndani ina salfa. Onyo lilikuwa kwenye kitabu cha zamani, kile kilichojaa, kikabaki nyumbani. Aliyemwokoa ni dada wa duka la dawa. Kabla hajamuuzia aliuliza, "Mama, kuna dawa yoyote hukusumbua?" Swali moja tu! Lakini siwezi kubali maisha ya mathe yategemee kama huyo dada ameamka vizuri siku hiyo.

Hapo ndipo hizi programu zinaingia. Hazimtibu mtu. Kazi yake ni kuuliza lile swali, kwa kila mgonjwa, hata saa kumi na moja jioni wakati kila mtu amechoka.

Na si hadithi za Marekani. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa hapa Nairobi, kwenye kliniki 15 za Penda Health, pamoja na kampuni ya OpenAI. Waliangalia ziara 39,849 za wagonjwa. Mhudumu anapoandika dalili na dawa, programu inasoma kimyakimya. Kijani, endelea. Njano, hebu fikiria tena. Nyekundu, simama usome kwanza. Uamuzi unabaki kwa mhudumu. Madaktari wa nje walipokagua faili, waliokuwa na programu walikuwa na makosa pungufu kwa 16% katika kutambua ugonjwa, na 13% katika matibabu.

Hata si lazima iwe akili bandia. Utafiti uliochapishwa 2013, kutoka kliniki ya watoto wanaoishi na VVU chini ya AMPATH, magharibi mwa Kenya, ulitumia kompyuta kutoa vikumbusho tu: huyu mtoto hajapimwa hiki, kimechelewa. Mahali wahudumu walipewa vikumbusho, 68% ya yaliyochelewa yalifanywa. Bila vikumbusho, 18%. Wahudumu wale wale, shule zile zile. Tofauti ni kukumbushwa.

Sasa msinione kama nimelipwa kuwauzia kitu. Katika utafiti wa Nairobi, wagonjwa walipoulizwa baadaye, ambao bado hawakuwa wamepata nafuu walikuwa 3.8% kwenye programu na 4.3% bila programu. Hiyo pengo ni ndogo, huwezi apa kwamba ni programu iliyoleta. Pia onyo likilia ovyo kila dakika, mtu hulizoea kama king'ora cha gari mtaani, hakuna anayegeuka. Ndiyo maana Penda walilazimika kuwafunza wahudumu wao kuitumia vizuri, badala ya kuiweka tu na kuondoka. Na pale stima hupotea kila siku, tuanze na stima.

Lakini shida kubwa kabisa ni hii: programu inajua tu kile kimeandikwa. Na sisi vijana tunaficha. Tunameza dawa za kienyeji, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vitu vya jimu vya kujaza misuli, halafu tukiulizwa "unatumia dawa yoyote?" tunasema hapana, macho kwa dari. Hapo hata taa nyekundu haiwezi kuwaka.

Kwa hivyo ukienda hospitali, sema yote. Majina ya dawa zinazokukataa yaweke kwenye simu, yako na ya wazazi wako. Na ukimwona daktari amegeukia skrini kabla ya kukuandikia dawa, usimrekodi umtupe TikTok. Mimi nitaanza kuogopa yule asiyeangalia popote.