Mtoto wa Mpagazi

Baba yangu alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Naanza na yeye kwa sababu kila nikiikumbuka Peru, ndiye anayenijia kwanza, ingawa hakuwahi kuvuka bahari. Alikuwa akisema wageni wake wanaujua urefu wa mlima hadi mita ya mwisho, lakini hakuna anayeujua uzito wa begi lake.

Mwaka 1996 nilikuwa nasoma Madrid. Likizo ya Julai, mimi na mwanafunzi mwenzangu Mhispania tulijichanga, tukafika Lima, kisha Cusco, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Cusco iko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa nimejigamba njia nzima kwamba mimi ni mtu wa Marangu, milima naijua. Usiku ule ule kichwa kilinitwanga, nikatapika. Mama mwenye nyumba ya wageni akaniletea chai ya majani ya koka, akaniambia nikipanda ngazi niende polepole. Nilicheka peke yangu gizani. Baba aliwaambia wageni neno hilo hilo kila siku ya kazi.

Siku mbili tulizunguka mjini. Wahispania walipoiteka Cusco mwaka 1533 walijenga mji juu ya mji: chini kuta za Wainka, juu yake nyumba zao za chokaa nyeupe, roshani za mbao na mapaa ya vigae. Katika mtaa mwembamba wa Hatun Rumiyoc nilihesabu pembe za jiwe mashuhuri la pale, nikapata 12, zote zimeshikana na mawe jirani bila chokaa wala udongo. Qorikancha, hekalu lililokuwa la jua, ilikuwa imebeba nyumba ya watawa wa Santo Domingo. Tetemeko la ardhi la mwaka 1950 liliangusha sehemu kubwa ya nyumba ile. Kuta za Wainka zilizofichwa ndani yake zikabaki wima. Niliandika hayo yote daftarini kama mwanafunzi mwema, nikafunga daftari.

Miaka ile mtu aliruhusiwa kutembea Njia ya Wainka bila kiongozi. Treni ilitoka Cusco ikikipanda kilima kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, hadi ikakishinda. Tulishuka kilomita ya 88 ya reli. Ndani ya shanta langu mlikuwa na vitabu vinne, kamera, makopo ya samaki na viatu vya akiba. Tulipofika kijiji cha Wayllabamba jioni, mabega yalikuwa yamechubuka, na kesho yake ilikuwa zamu ya Warmiwañusqa, mlango wa mlima wenye mita 4,215.

Asubuhi wanaume wa kijiji walisimama kando ya njia wakingoja kibarua. Mwenzangu akasema tumkodi mmoja. Sikujibu, na kimya changu kikawa ndiyo.

Aliyekuja alikuwa mtu mfupi, wa umri wa baba, miguuni kavaa katambuga za tairi kama zile zinazouzwa sokoni kwetu. Alifunga mashanta yetu mawili ndani ya blanketi la rangi rangi, akalikaza kifuani kwa fundo. Hakuuliza mna nini ndani. Kabla ya kuondoka alichagua majani matatu ya koka, akayapulizia kuelekea mlima wenye theluji, akayafukia chini ya jiwe.

Nilipanda mikono mitupu, hatua kumi na kupumzika, yeye akitungoja mbele. Kule juu alitugawia viazi vya kuchemsha. Kihispania kilikuwa lugha yake ya pili baada ya Kikechua, kama Kiswahili kilivyokuwa kwa baba baada ya Kichaga. Nikamwambia kwamba baba yangu anafanya kazi kama yake, ila mzigo huuweka kichwani, juu ya ngata. Alicheka hadi akashika goti.

“Na shingo haivunjiki?”

Akauliza mlima wetu una urefu gani. Nikamtajia: mita 5,895.

“Baba yako amefika kileleni?”

“Mara nyingi,” nikasema.

Tulimlipa kwa siku zilizobaki pia. Wiñay Wayna, kituo cha mwisho kabla ya Machu Picchu, alifungua fundo, akatukabidhi mashanta. Alikuwa anashuka bondeni kuwahi treni. Nikamuuliza kama haji kuyaona magofu.

“Mzigo unaishia hapa,” akasema.

Alfajiri tulifika Inti Punku, lango la kuingilia Machu Picchu. Ukungu ulipanda kutoka mtoni, ukafunika matuta, ukayafunua, mpaka mji mzima wa mawe ukatulia chini yetu. Mwenzangu alikuwa anapiga picha. Mimi nilikuwa nawaza kibanda cha Kibo, kule Kilimanjaro. Wageni huondoka pale usiku wa manane na kiongozi wao kwenda kileleni. Wapagazi hubaki kibandani. Nilijibu “mara nyingi” bila kuwahi kumuuliza baba.

Mwaka 2001 Peru ilikataza kutembea njia ile bila kiongozi, na sheria ya wapagazi ikaweka kikomo cha mzigo: kilo 20. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani tangu 1998. Jioni moja, tukiwa tumekaa migombani, nilimsimulia baba habari za yule mtu wa Wayllabamba, kisha nikamuuliza kama aliwahi kufika kileleni.

“Nifuate nini? Mzigo ulikuwa unaishia Kibo.”

Akanyamaza kidogo, akageuka kunitazama.

“Hilo begi lako lilikuwa kilo ngapi?”

Nilikuwa naijua mita 4,215. Kilo sikuzijua.