Kwa Mtunza Daftari wa Dagaa

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia kwamba akina mama wa kikundi pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, wamekukabidhi daftari la mapokezi ya dagaa ulihamishie kwenye kompyuta. Umeniuliza kama ni aibu kuanza na programu ya kubofya badala ya kuandika amri za SQL kwenye skrini nyeusi. Si aibu hata kidogo. Chukua DB Browser for SQLite. Ni ya bure, na ukishaipakua haikudai intaneti wala seva. SQLite yenyewe, injini ya kanzidata aliyoianzisha Richard Hipp mwaka 2000, imo hata ndani ya simu za Android. Kanzidata yako nzima itakuwa faili moja.

Ila kabla hujabofya chochote, kaa na akina mama uwaulize wanapimaje, maana kazi yenyewe iko hapo. Huyu anapokea kwa ndoo, yule kwa gunia, mnunuzi anataka kilo. Ukiweka safu moja tu ya kiasi, siku moja mtu ataandika “ndoo 2” mahali pa namba. SQLite isipoambiwa vinginevyo huyapokea maneno hayo kimya kimya, hata kama safu uliitangaza kuwa ya namba, na ukijumlisha huyahesabu kuwa sifuri. Mama wa watu kaleta mzigo wake, jumla haimjui! Hilo linaniuma kuliko kompyuta kuharibika. Kwa hiyo tenga safu ya idadi na safu ya kipimo, na mwishoni mwa amri ya kuunda jedwali ongeza neno STRICT, lililoingia SQLite mwaka 2021. Hapo maneno yatakataliwa penye namba.

DB Browser ina dirisha linaloonyesha amri za SQL inazoandika kwa niaba yako kila unapobofya. Lisome. Baada ya muda utaziandika mwenyewe, na hakuna atakayekufungia kwenye programu moja.

Umeme wa Mwanza unaujua unavyokatika. Unachoingiza hakijakaa kwenye faili mpaka ubonyeze Ctrl na S, basi bonyeza kila mzigo mmoja ukiisha. Jioni funga programu, nakili faili kwenye flashi, na flashi isilale ofisini.

Niandikie akina mama wakishakujibu kama ndoo ya kisiwani Ukerewe inalingana na ya Kirumba. Zikitofautiana, tutahitaji jedwali la pili la vipimo, na hilo tulipange pamoja kabla hujaingiza mzigo wa kwanza.

Shangazi yako