Kipepeo wa Muheza na Taa wa Tanga

Ukitoka Muheza kwenda Tanga mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 35, waweza kukutana na viumbe wawili wenye mabawa ya madoadoa ambao hawajapata kuonana: kipepeo wa michungwa, na taa wa miambani mwenye madoa ya buluu.

Muheza ni nchi ya machungwa. Asubuhi ile mwenyeji wangu alinionyesha, juu ya jani la mche kitaluni mwake, kitu nilichodhani ni kinyesi cha ndege. Kumbe ni kiwavi! Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa kichwani pembe mbili laini zenye harufu kali. Nilimgusa, nikajuta. Huyo ndiye baadaye huwa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Mwenye kitalu hampendi hata kidogo, kwani viwavi wachache tu huweza kuumaliza majani mche mchanga. Kwa hiyo kila asubuhi huwaokota na kuwaponda. Hata hivyo, vipepeo hawaishi. Jike hutaga mayai yake moja moja, hapa na pale, na baada ya wiki kadhaa kizazi kingine kimekwisha ruka.

Alasiri nilikuwa pwani. Maji yanapojaa, taa huyu hutoka miambani akaja kwenye mchanga wa maji mafupi kutafuta kaa, kamba na minyoo. Yakipwa hurudi kujificha. Buluu yake hung'aa mno, utadhani amepakwa rangi, nayo ni onyo, maana mkiani ana mwiba wenye sumu.

Nilinunua mmoja kwa wavuvi, kwani nyumbani kwangu mchuzi wa taa wa nazi haukosi walaji. Alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na watoto wawili, mabawa wameyakunja, madoa ya buluu yamekwisha jitokeza.

"Huyu hatagi, mwanangu," alisema mzee aliyeshika kisu. "Huzaa."

Tena huzaa kwa uchache: hawazidi saba kwa mara moja, na mimba huchukua kati ya miezi minne na mwaka mzima. Nilimwuliza mzee kama watoto wale wangeishi tukiwarudisha majini. Akatikisa kichwa, kisha akauliza kama anifungie na hao pia.