Chungu Kimoja cha Ndizi

Msomaji mpenzi, kama hujapata kufika nchi ya Wahaya, njoo nami leo. Tutatoka Bukoba mjini asubuhi, tushike barabara iendayo kusini mpaka wilaya ya Muleba. Si mbali; kwa gari ni saa moja na zaidi kidogo, ila dereva akiwa mtu wa kusimama kila penye abiria mwenye mkungu wa ndizi, basi ongeza saa nyingine. Mimi ni karani wa parokia, na kazi ya kupeleka hati hunipitisha njia hii mara nyingi. Lakini leo hati tuziache mkobani. Nataka nikuonyeshe chungu kimoja.

Kwanza tupite sokoni. Mikungu imelazwa chini, mingine ingali inachuruzika utomvu. Ukimwambia muuzaji, “Nataka ndizi,” atakutazama na kukuuliza, “Ndizi gani?” Maana ziko za kupika, ziko gonja za kuchoma, ziko za kuivisha, na ziko za kukamuliwa rubisi. Hata hizo za kupika zina majina yake: hii Nshakara, hii Entobe, hii Enyoya, na kila mama ana ile anayoiapia.

Pembeni wako wauza samaki. Yule mkubwa, sangara, si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, naye akawala samaki wengi wa asili. Leo aliye mnono huenda kiwandani kukatwa minofu ya kupelekwa ng'ambo, nasi twabaki na kichwa na mifupa. Samaki wa mtu wa kawaida ni dagaa. Akikaushwa vizuri hukaa wiki nyingi bila barafu, na kopo moja lake hufanya kazi kubwa jikoni, kama utakavyoona. Basi tununue kopo moja la dagaa, maana si adabu kufika nyumba ya mtu mikono mitupu.

Haya, gari limejaa, twende. Tukifika Kemondo ziwa litaonekana mkono wa kushoto, na bandari yake chini. Kisha twapanda, twashuka, twapanda tena. Kama watoka Shinyanga au Dodoma utaona jambo la ajabu: hapa mtu haendi shambani. Nyumba yenyewe imo ndani ya shamba, imezungukwa na migomba hata paa hulioni. Shamba hilo huitwa kibanja. Chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna maharage, na ukingoni labda mparachichi.

Mgeni husema, “Kumbe Mungu amewapa watu hawa udongo mzuri!” Mvua ametupa, hilo ni kweli, Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini udongo, hapana. Vuka ukingo wa kibanja uingie rweya, yaani ile mbuga ya majani matupu iliyo katikati ya vijiji, ujionee. Mvua hiyohiyo imeusafisha udongo mpaka umebaki kama mchanga, na kitu cha maana cha kuota pale ni majani na njugu mawe ambazo akina mama huzilima kwa taabu. Rutuba ya kibanja imeletwa kwa mikono ya watu, kizazi baada ya kizazi: majani yaliyofyekwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni, na maganda ya ndizi za kila siku. Kibanja hulisha chungu, na chungu hulisha kibanja. Nyumba ikikosa mtu wa kupika na kumwaga maganda, utaiona migomba yake ikikonda.

Nasi tumepata kuiona ikikonda. Wadudu wamo, uchakavu wa ardhi umo, na mwaka 2006 ukatambuliwa hapa Muleba ule mnyauko wa bakteria. Jani hugeuka njano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake, ukiikata ndani imeoza. Dawa ya kunyunyiza haipo. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku wamefundisha tukate lile ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, maana panga lililogusa mgomba mgonjwa huupeleka ugonjwa kwa ulio mzima; na panga la kukatia mikungu lichomwe motoni. Mwaka 2021 zilitolewa aina mpya za ndizi ziitwazo TARIBAN. Wazee wazionja kwa mashaka. Ndivyo walivyo wazee.

Tumefika. Tushuke hapa barabarani, tufuate njia nyembamba katikati ya migomba mpaka nyumba ya bibi mmoja ambaye sitamtaja jina; sote twamwita Ma tu, na mumewe twamwita Ta. “Hodi!” “Karibuni waitu, karibuni.” Kabla hujakaa vizuri utaletewa kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na majani yenye harufu nzuri. Chukua chache, utafune. Usikatae, ndiyo salamu ya hapa.

Ma ana wajukuu watatu nyumbani. Mkoa huu wazijua sana habari za bibi kulea. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na wazee na watoto tu. Hawa wajukuu wa Ma mama yao yu hai, anafanya kazi Mwanza. Lakini kabla ya hawa Ma alikwisha kuwalea yatima wanne wa kaka yake. Ujuzi wa kulisha watoto, basi, anao. Hata hivyo mwaka jana alishtuka. Mjukuu mdogo, wa miaka miwili, alipopimwa kliniki alionekana mfupi kuliko umri wake. “Nikamwambia muuguzi, huyu hushiba kila siku!” Muuguzi akamjibu kwa upole, “Ma, hushiba nini?”

Swali hilo, msomaji, ndilo lililonifanya nikuchukue safari hii yote. Twajisifu, na kwa haki, kwamba nchi yetu haina njaa. Lakini utafiti wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kagera karibu mtoto mmoja katika kila watatu wenye umri wa chini ya miaka 5 amedumaa. Hao si watoto waliolala njaa. Wengi walilala na tumbo limejaa ndizi. Ndizi ni chakula kitamu na hutia nguvu, lakini peke yake haijengi mwili; yataka mwenzake: maharage, njugu mawe, dagaa, yai, maziwa. Na mwenzake huyo, hata akiwamo chunguni, je, hufika kinywani mwa mtoto?

Chuoni nilikosomea ualimu tulichorewa ubaoni makundi ya vyakula, duara zuri lenye rangi. Lakini duara lile halikuwa na baba aliyeketi kwenye sinia. Nyumbani kwa Ma mambo yalikuwa hivi: ndizi na maharage zapakuliwa katika sinia moja, wote wazunguka, na dagaa wamewekwa juu kwa uzuri, upande wa Ta. Hakuna aliyesema ni wake. Watoto hawakuambiwa wasiguse. Lakini mtoto mwenye adabu hanyoshi mkono mbele ya babu yake, na Ma mwenyewe, kwa mazoea ya maisha, alikula yaliyobaki. Ta si mtu mchoyo, namfahamu. Hakuna siku aliyopata kufikiri juu ya jambo hili. Nami nilikula hapo mara ngapi, nikapewa samaki kama mgeni, nikala!

Sasa angalia Ma apikavyo leo. Maharage yamelowekwa tangu jana jioni, yapo motoni tangu asubuhi, vikombe viwili kwa watu sita. Hayo hutangulia siku zote, maana ndizi haziwezi kuyangoja. Amejipaka mafuta kidogo mikononi ili utomvu usimshike, amekaa chini, amenya ndizi ishirini na tano hivi bila kuzitazama, huku akiongea nawe. Zikimenywa zatumbukizwa katika maji zisigeuke nyeusi. Maganda yanakwenda kwa mbuzi. Jirani zetu Waganda huzifunga ndizi katika majani, wakazipika kwa mvuke na kuziponda. Wahaya wapenda ndizi ionekane mzima, ilale juu ya maharage yaliyokwisha kulainika, na chumvi, kitunguu, nyanya mbili, na kijiko cha samli kama ipo. Kisha jani la mgomba lililopitishwa motoni lafunikwa juu, kifuniko juu yake, na moto wapunguzwa. Jani hilo si pambo. Huzuia mvuke usitoke, tena huacha harufu ambayo mfuniko wa bati hauna. Siku hizi Ma ana mtungi wa gesi aliotumiwa na binti yake, na jani halikosi hata hapo.

Na dagaa? Hapo ndipo Ma alipopata akili yake mpya. Dagaa tuliomletea amewachambua, amewaosha kwa maji ya vuguvugu kuondoa mchanga, akawakaanga kidogo mpaka wakakauka, kisha akawatia katika kinu na kuwatwanga wakawa unga. Viganja viwili vya unga huo amevikoroga na maji ya maharage, akavimimina chunguni chini ya jani. Mchuzi ukawa mzito wa rangi ya hudhurungi. Dagaa hata mmoja haonekani.

“Karani,” akaniambia akifunika, “samaki anayeonekana ana mwenyewe. Asiyeonekana ni wa wote.”

Kwa mdogo wa wote atachota kando ndizi mbili na maharage yake, ataponda vizuri kwa mwiko na mchuzi huo, na nusu ya parachichi. Chakula ni kilekile cha wakubwa, hapana sufuria ya pili wala kuni za pili. Mama mwenye mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kufanya vivyo hivyo, akiponda zaidi na kupunguza chumvi kwa kuchota kabla hajaitia, huku akiendelea kumnyonyesha.

Siku ya kwanza alipopika hivyo, nilikuwapo. Ta alikaa, akanawa, akalitazama sinia mbele yake, nyuma yake, tena mbele. “Dagaa wako wapi leo?”

“Wamo.”

“Wamo wapi?”

“Kula, utawaona.”

Akala. Akanyamaza muda mrefu. Mwishoni aliliomba chungu lenyewe akalikwangua kwa ndizi ya mwisho, na tangu siku hiyo swali halikurudi. Nasikia sasa yeye ndiye anayetwanga, kwa kuwa mikono ya Ma ina maumivu ya viungo, ingawa akipita mtu njiani huuweka mchi chini.

Leo, tumepata bahati. Ni mwezi wa Novemba, mvua zimenyesha, na usiku wa jana senene walishuka. Pale mjini vijana huwavutia kwa taa kali na mabati wakaangukia mapipani. Hapa watoto wameamka alfajiri wakawaokota kwenye majani yenye umande. Wamekwisha kunyofolewa mabawa na miguu. Ma awakaanga katika kikaango kikavu, kwa maana mafuta wanayo yao wenyewe, kisha chumvi na kitunguu. Ni nyama hao, msomaji, wana mafuta na wanajenga mwili, tena hawakununuliwa. Mgeni asiyewajua na aonje mmoja kabla hajasema neno.

Lakini wazee watakusimulia kwamba zamani katika Buhaya senene walikuwa chakula cha wanaume. Mwanamke aliwaokota, akawasafisha, akawakaanga, akampelekea mumewe, naye mume akamshukuru kwa nguo mpya. Kula hakula. Ma alikulia katika desturi hiyo. Alipokuwa binti alikwenda rweya na mama yake alfajiri, wakarudi na vikapu vimejaa, wakakaa wakinusa harufu.

Basi sinia la ndizi limewekwa katikati. Bakuli la senene limewekwa kando yake, na Ma amempa kwanza yule mdogo, kisha wasichana wawili, kisha Ta, kisha wewe mgeni. Mjukuu mkubwa, wa darasa la tano, akahesabu kwa macho, akauliza, “Na wewe, Bibi?”

“Mimi nimezoea harufu, mwanangu.”

Msichana hakujibu. Akachagua senene mmoja mnono, akamtia bibi yake mdomoni, sote tukitazama, Ta naye akitazama. Ma akatafuna polepole, macho yameelekea mlangoni.

“Chumvi imezidi,” akasema, akanyosha mkono bakulini.